Swali Nililokujibia

Ngalula wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele kwa Mama Mbombo, na kwa jinsi ninavyoijua mikono yake na mdomo wake, hutarudi kabla ya jua kushuka. Basi nimepata alasiri nzima ya kuandika. Nimelikalia sanduku lako, maana zipu imekataa na viti vyote vimejaa nguo ulizosema huzitaki. Mambo ya sufuria, ya godoro, ya kutompa mtu simu yako ndani ya basi, nimeyasema tangu wiki iliyopita mpaka ukanifunga mdomo: "Mama, nimesikia. Mi haiko mutoto wa miaka tano." Sawa. Hayo siyarudii.

Nataka kuandika juu ya jambo moja tu. Jumatatu, kabla hata hujaingia darasani, utakwenda kwa daktari mpya wa akili kule Lubumbashi, yule ambaye daktari wetu wa hapa Kolwezi amemwandikia barua yako. Atafungua karatasi na kukuuliza kama umewahi kumeza dawa ambazo hakuna daktari aliyekuandikia. Zipi, kwa muda gani, ulizipata wapi. Mara ya kwanza ulipoulizwa hivyo, nilikujibia mimi, na nilidanganya. Mara ya pili ulijibu mwenyewe, ukasema kweli yote isipokuwa kitu kimoja: ulisema vidonge ulivinunua sokoni. Hukuvinunua sokoni. Wewe unajua na mimi najua. Ulinikinga, na mimi nikakuacha unikinge.

Naomba Jumatatu usinikinge. Barua hii yote ni hiyo, ila mimi siwezi kuomba kitu bila kusimulia kwanza, unanijua.

Wacha nianze mahali ambapo sipendi kuanza. Mimi sikusomea unesi. Ulishaniuliza ukiwa mdogo nikakukatiza nikakutuma chumvi. Nilikaa miezi minane kwa shangazi yangu, mji wa Mutshatsha, katika duka lake la dawa karibu na stesheni ya treni, nikijifunza majina ya maboksi. Nilipofungua duka langu hapa mtaani Manika, kati ya yule anayechaji simu na yule anayeuza mabuti, nilinunua blauzi nyeupe. Blauzi hiyo ndiyo iliyonipa diploma. Wiki ya kwanza mchimbaji mmoja aliingia akasema, "Docteur, unisaidie, mugongo inaniua." Nilipaswa kumwambia kwamba mimi si docteur. Badala yake nilimuuliza mgongo unamuuma upande gani.

Nilipenda kuitwa hivyo, Ngalula. Nilipenda sana. Baba yako alikuwa akinitania mbele ya wageni, "Muulizeni docteur wangu," na mimi nilikuwa nakaza uso kama mtu ambaye hataki sifa. Moyoni nilikuwa navimba.

Vijana wa machimboni walikuja asubuhi kabla ya kushuka shimoni. Hawakuja na ugonjwa. Walitaka ile ya nguvu, tramadol, ili mwili usisikie uzito wa magunia na kichwa kisisikie woga wa kule chini. Nilikuwa nakata vidonge viwili viwili na kuvifunga katika kipande cha karatasi ya daftari. Hakuna aliyenionyesha karatasi ya daktari na mimi sikuuliza. Nilijiambia kwamba nisipouza mimi, jirani atauza. Ni kweli, jirani angeuza. Lakini aliyeuza ni mimi.

Halafu baba yako akafa. Wewe ulikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne tu, yeye aliyekuwa akiendesha lori mpaka mpakani bila hata kukohoa. Watu wa matanga walipoondoka, nyumba ikabaki na sauti ya friji tu. Hukulala. Asubuhi nilikuwa nakukuta umekaa kitandani na sare ya shule mwilini, macho mekundu, unangoja kupambazuke kabisa ili uondoke humu ndani. Jioni moja nilichukua kidonge cha diazepam kutoka boksi la dukani nikakuwekea kiganjani. Nikasema, "Meza, mama, ulale." Ulilala. Kesho yake nikakupa kingine, na kingine. Baada ya wiki nikaacha kukupa, nikadhani na wewe umeacha.

Lakini ni wewe uliyekuwa ukifuta vumbi kwenye rafu kila Jumamosi. Ulijua kila boksi lilipo. Uliendelea miezi minane, na siku za mitihani ukaongeza na ile ya wachimbaji, kwa sababu ya kwanza ilikufanya mzito darasani. Mimi nilikuwa nakuona umetulia. Nilikuwa nawaambia akina mama wa kanisani: tazameni binti yangu alivyo na moyo mgumu, amefiwa na baba na hasumbui mtu.

Siku nilipogundua boksi limekuwa jepesi, nilifanya kile ambacho docteur wa aina yangu angefanya. Nilikupigia kelele, nikatupa chooni vile vya mkoba wako, nikaweka kufuli kwenye kabati. Nilidhani kazi imekwisha. Kwamba dawa ile haikatwi siku moja baada ya mwili kuizoea, hilo liliandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Miaka kumi na moja niliuza maboksi yale na sikuwahi kuikunjua.

Yaliyofuata unayakumbuka vipande vipande tu, kwa hiyo acha nikuambie. Siku ya tatu mikono yako ilianza kutetemeka mpaka chai ikamwagika. Siku ya nne ulisema kuna watu wanakuita kutoka kwenye mabati. Jumapili, katikati ya wimbo, ulianguka na kutingishika mwili mzima mbele ya kwaya, na akina mama wakakuzunguka na vitenge vyao ili watu wasikuone. Walisema ni pepo. Tulikuombea wiki nzima. Siwalaumu hata kidogo, walikuja na moyo safi na walifunga kula kwa ajili yako. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga magoti, na nilikuwa najua kuhusu lile boksi. Ilikuwa rahisi kwangu iwe pepo.

Ni mjomba wako aliyesema basi, mtoto apelekwe hospitali kwa daktari wa akili. Nilimjibu kwamba binti yangu si kichaa. Akasema yeye hajali ataitwaje, mradi apone. Tukaenda.

Wewe unajua kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Ana garde-malade wake, wa kumpikia, wa kumfulia, wa kumtafutia dawa, na mbele ya daktari huyo ndiye anayesema. Nimekuwa garde-malade wa mama yangu, wa baba yako, wa wifi zangu wawili, na najivunia kazi hiyo. Mgonjwa akifungua mdomo tunamwambia apumzike. Hivyo daktari, yule kijana wa miwani, alipokuuliza ni dawa gani umewahi kumeza bila kuandikiwa, ulifungua mdomo, na mimi nikawahi.

"Hakuna, docteur. Huyu ni mutoto wa chorale. Hata dawa ya kichwa anaogopaka."

"Mama, nauliza yeye."

"Mi ni mama yake. Mi ndiye najua."

Uliinamisha kichwa ukatazama viatu vyako. Niliona. Nikaendelea kuongea, nikamweleza habari ya baba yako, ya sauti za kwenye mabati, ya kuanguka kanisani, kila kitu isipokuwa kile alichouliza. Niliogopa watu wa kanisa. Niliogopa duka kufungwa, maana lilikuwa halina karatasi zote, na bila baba yako ndilo lililotulisha. Na niliogopa, tena hilo ndilo kubwa, kwamba yule kijana angenitazama na kuona mimi si docteur hata kidogo.

Akakuandikia dawa ya sauti zile. Shingo ikakukaza ukashindwa kugeuka, na wiki iliyofuata ukaanguka tena, safari hii jikoni. Daktari hakukosea. Alitibu ugonjwa niliomweleza mimi, na ugonjwa huo wewe hukuwa nao.

Sasa nafika pale ninapopenda kufika. Tulirudi kwake mara ya tatu. Ulikuwa umekonda, huwezi hata kufunga vifungo vya shati vizuri. Daktari akavuta kiti, mimi nikasafisha koo nianze. Ukanigeukia ukasema, bila ukali wowote, "Mama, utoke inje kidogo. Mi nataka kusema na docteur, sisi babili."

Nisidanganye tena: nilikasirika. Nilitoka na mkoba wangu na thermosi ya uji, nikakaa kwenye benchi la korido nikiwa nimevimba. Mwanamke mmoja wa pale akanisogelea akaniuliza polepole kama mgonjwa wangu amekufa, maana alikuwa hajawahi kuona garde-malade aliyefukuzwa. Nilimwambia mgonjwa wangu yuko hai na ana kichwa kigumu. Akasema, "Basi atapona." Nilimnyima uji kwa maneno hayo, na leo natamani ningemjua jina nimpelekee.

Mlikaa humo muda mrefu. Daktari alipofungua mlango uso wake ulikuwa umelegea. "Mama," akasema, "sasa mi najua kwa kuanzia. Hii wiki tatu yote nilikuwa napapasa tu." Akanieleza kwamba mwili wako ulikuwa umeizoea dawa ile, na ilipokatwa ghafla ukashindwa kujizuia. Akasema ile ya wachimbaji juu ya ya kwanza ingeweza hata kukukatia pumzi ukiwa usingizini. Angekurudishia ya kwanza kwa kipimo chake yeye, halafu aipunguze kidogo kidogo kwa miezi, na mtu mwingine asiiguse. Aliposema mtu mwingine hakunitazama mimi, lakini masikio yangu yaliwaka moto.

Tulirudi kwa taxi-moto, wewe katikati, mimi nyuma, nimekushika kiuno. Tulipofika mlangoni ukaniambia, "Nilimuambia yote. Ya duka yako tu, ile sikuisema. Niliamba nilinunuaka ku soko."

"Juu ya nini haukuisema?"

"Juu uko mama yangu."

Ningeweza kugeuza ile pikipiki saa ile ile. Dereva alikuwa bado anahesabu chenji. Nilikushukuru, Ngalula. Nilikukumbatia nikasema Mungu akubariki, na usingizi wangu ulikuwa mtamu siku hiyo kwa sababu mtoto mgonjwa wa miaka kumi na saba alikuwa amenibebea uongo wangu.

Unajua nimekuonea fahari mara ngapi tangu siku ile? Sikukuambia vya kutosha, sisi kwetu tunamsifu mtoto kwa jirani, si kwake mwenyewe. Nilikuona ukikata kidonge robo kwa wembe, ulimi nje kama fundi saa, na kuandika kwenye daftari lako tarehe na jinsi ulivyoamka. Nilikuona siku ambazo ulitetemeka na bado ukavaa sare ukaenda. Wenzako walipoanza kukuita wa hospitali ya vichaa, ulimwambia yule mkubwa wao, "Ndiyo, naendaka. Na wewe ukitaka nitakupeleka." Nilikuwa nyuma ya uzio nasikia, nikacheka mpaka nikaweka beseni chini. Halafu ukafaulu mtihani wa serikali, wewe uliyepoteza karibu muhula mzima, na sasa unakwenda kusomea udaktari wa mifugo. Wewe! Uliyekuwa ukipanda juu ya meza ukiona bata wa Mama Kapinga! Nimewatangazia watu wa soko zima la Manika, na wa kituo cha minibus pia, hata wale wasionijua.

Kwa hiyo ninapokuomba jambo la Jumatatu, simwombi mtoto dhaifu. Namwomba mtu ambaye nimeshamwona akifanya lile gumu zaidi.

Najua itakuja aibu mpya. Yule wa Lubumbashi hakukuona ukiwa umekonda. Atakuona msichana aliyesukwa vizuri, mwanafunzi wa chuo kikuu, na utatamani abaki hivyo hivyo na picha hiyo. Utajiambia yale yamepita, ya nini kuyafukua. Ninaijua tamaa hiyo kwa sababu nimeishi ndani ya blauzi nyeupe miaka kumi na moja. Lakini daktari haulizi ili akusamehe wala ili akushitaki. Anauliza ajue cha kukupa na cha kutokukupa. Hata ile uliyomeza mara moja tu, hata ile rafiki atakayokupa bwenini siku ya mtihani, kama utakuja kuipokea, msimulie. Na akikosa kukuuliza, sema mwenyewe.

Na akiuliza ulizipata wapi, usiseme sokoni. Hili si kwa ajili ya roho yangu, roho yangu nitaishughulikia. Ukisema sokoni, atakuonya juu ya soko. Hatajua kwamba nyumba utakayorudia likizo ndiyo yenye kabati. Atakuambia ukizidiwa rudi kwa mama yako, na mama yako ndiye aliyekuwekea kidonge kiganjani. Anapaswa kujua ni nyumba ya namna gani anayokurudisha.

Hapa lazima nikuambie ambalo hulijui.

Jumatano niliposema nakwenda kwa fundi cherehani, sikwenda huko. Nilikwenda hospitali kwa daktari wetu, bila blauzi, na kitenge cha kawaida tu. Nikakaa kwenye kiti chako. Nikamwambia kwamba kidonge cha kwanza nilikupa mimi, kwamba nilimdanganya siku ile, kwamba soko halikuhusika. Hakushangaa hata kidogo, alisema alikuwa amekisia. Akauliza siku, majina, akaandika. Hakuongeza neno hilo kwenye barua yako, amesema hilo ni lako kulisema, utakapotaka. Nikajisikia mwepesi. Nikasimama, nikamshukuru, nikachukua mkoba.

"Kaa kwanza, mama," akasema. "Na wewe? Dawa gani unamezaka bila docteur kukuandikia?"

Ngalula, jioni ile niliyokupa kidonge cha kwanza, nilitoa viwili. Kimoja nikakupa wewe. Kingine nikameza mimi, jikoni, kwa maji ya bombani. Wewe umeacha. Mimi sijaacha. Nilipokupigia kelele nilikuwa nimemeza. Nilipokuwa nahesabu robo zako pamoja nawe, nilikuwa nameza kizima. Duka sasa linauza sabuni na daftari na ndala, kila mtu anajua nimeacha dawa, na nimepokea pongezi za mchungaji kwa hilo. Lakini boksi moja lilibaki kwenye kabati, likiisha natafuta lingine kwa jirani. Sikuwahi kumwambia mtu, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile, hakuna, docteur. Lilikuwa tamu na jepesi. Nikaangalia pembeni kutafuta wa kunisemea, na hapakuwa na mtu. Nikasema, "Iko, docteur. Hata jana."

Akachukua kadi mpya akaandika jina langu. Amenikataza kuacha ghafla, eti nimeshaona mwenyewe kinachotokea. Nitaanza kupunguza kama ulivyopunguza wewe, na nimeiba lile daftari lako la tarehe kutoka kwenye sanduku, usilitafute. Nataka kuona siku zile za kutetemeka ulifanyaje, maana naogopa sana, binti yangu. Naogopa na bado nitakwenda.

Amenipangia Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo saa ile utakapokuwa umekaa mbele ya daktari wako Lubumbashi, mimi nitakuwa nimekaa mbele ya wangu hapa Kolwezi. Wako mwambie ni nani aliyekupa kidonge cha kwanza. Wangu nimeshamwambia ni nani aliyenifundisha kujibu mwenyewe.

Mama yako